Sura ya Nne: Popo wa Pemba na Kima wa Unguja

Mchana, katika miti mirefu ya Kidike kisiwani Pemba, popo huning'inia kwa mamia, kila mmoja amejifunika mbawa zake kama mtu aliyejitanda kanga. Si wale popo wadogo wanaojificha kwenye mapaa ya nyumba. Huyu ana uso wa mbweha na manyoya ya rangi ya dhahabu iliyofifia, na akikunjua mbawa hufika mita moja na nusu hivi kutoka ncha hadi ncha. Wala halali moja kwa moja hadi usiku uingie. Hapa mmoja anajipepea kwa bawa sababu ya joto, pale wawili wanazozana kwa kelele wakigombea tawi. Jua likizama wanaondoka kutafuta maembe, kuyu na mashelisheli, na kabla hakujapambazuka wamerudi kwenye miti yao.

Popo huyu hayuko Tanga. Hayuko Pangani, hayuko Mombasa, wala Unguja hayuko. Vuka mkondo kuelekea magharibi, kilomita 50 na ushei tu, umeshampoteza. Na ukilisaka bara zima la Afrika, kusini hadi kaskazini, hutampata yeye wala yeyote wa ukoo wake wa karibu. Ndugu zake wako Komoro, Madagaska, Shelisheli na Morisi, kisha India, Indonesia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Popo wa Pemba ni mtu wa mashariki aliyefika hadi kizingiti cha Afrika akaishia hapo.

Unguja nako kuna mnyama wake. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu, uso mweusi na nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso, hapatikani popote duniani isipokuwa katika kisiwa hicho, na wale wachache waliohamishwa na watu, ambao tutawafikia mwishoni mwa sura hii. Pemba hakuwahi kufika kwa miguu yake.

Haya ni mambo ya kushangaza kidogo, kwa sababu visiwa hivi viwili vinafanana sana. Mvua zake ni zile zile za masika na vuli. Minazi, miembe na mikandaa ni ile ile. Jibu la haraka, ambalo hata vitabu vya shule huridhika nalo, ni kwamba kila kiumbe huishi mahali panapomfaa. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Msitu wa Ngezi kule kaskazini mwa Pemba una kila kitu anachokihitaji kima, na miembe ya Tanga haina kasoro yoyote ambayo popo angeilalamikia. Wanaochunguza mtawanyiko wa viumbe duniani walijifunza zamani kuuliza swali jingine: huyu alipitia wapi, na njia ilikuwa wazi lini?

Kwa Unguja na Pemba, jibu liko chini ya maji.

Ramani ya ukutani haisaidii hapa, maana bahari yote imepakwa buluu moja. Inatakiwa ramani ya nahodha, ile yenye tarakimu za kina zilizotapakaa majini. Kati ya Unguja na bara, bahari ina upana wa kilomita 35 hadi 40 pale inapobana, na kina chake kwa sehemu kubwa hakifiki mita 50. Kati ya Pemba na bara upana umeongezeka kidogo tu, lakini tarakimu za kina zinaporomoka: mita 200, 400, hadi karibu 800. Abiria aliye kwenye boti haoni kitu. Kwake yote ni bahari, na kichefuchefu ni kile kile.

Sasa turudi nyuma miaka 20,000 hivi. Dunia ilikuwa katika kilele cha kipindi cha mwisho cha barafu, na maji mengi sana yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu, yakiifunika Kanada yote karibu, Skandinavia na sehemu nyingine za kaskazini. Usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Chukua ramani ya nahodha, utoe 120 katika kila tarakimu. Mlango wa Unguja unakauka wote, na kisiwa kinageuka kuwa sehemu ya uwanda wa pwani. Mafia nayo inaungana na bara, mbele ya mdomo wa Rufiji. Mtu angeweza kuondoka palipo Bagamoyo leo akafika Jambiani bila kulowa zaidi ya magoti, kwenye vijito vya njiani. Pemba, hata ukitoa hizo 120, inabakiwa na mamia ya mita za maji kila upande. Ilikuwa kisiwa na ikaendelea kuwa kisiwa.

Wala hatutegemei hesabu ya kutoa peke yake. Karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, kuna Pango la Kuumbi, lililochongeka ndani ya mawe ya matumbawe. Waakiolojia walipochimba sakafu yake walikuta, katika tabaka za chini, mifupa ya punda milia na nyati, mabaki ya windo la watu walioishi pale kabla bahari haijapanda. Punda milia Jambiani! Leo hapo ni mwani, hoteli na watoto wanaocheza mpira maji yakitoka. Lakini mifupa hiyo haikuletwa na jahazi. Wanyama walikuja wakila majani, kizazi baada ya kizazi, katika mbuga ambayo sasa iko chini ya boti ziendazo Dar es Salaam.

Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, na yapata miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatwa. Waliokuwa ndani wakabaki ndani. Ila kisiwa cha kilomita za mraba zisizofika 1,700 hakiwezi kutunza makundi ya nyati na punda milia kwa maelfu ya miaka, tena pakiwa na wawindaji. Bara, kundi likipukutishwa na ukame au maradhi, wengine huingia kutoka jirani na pengo linazibwa. Kisiwani hakuna jirani. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, waliiweka hali hii katika kanuni za hisabati: idadi ya aina za viumbe kisiwani hupimwa kwa mizani ya wanaoingia na wanaotoweka, na mizani hiyo hutegemea ukubwa wa kisiwa na umbali wake kutoka bara. Wenye miili mikubwa ndio hutangulia kutoweka, kwa kuwa kila mmoja wao hudai eneo kubwa na idadi yao huwa ndogo tangu mwanzo.

Mkubwa aliyedumu kuliko wote Unguja ni chui. Alikuwa mdogo kuliko wa bara, na yale mawaa ya mviringo ya ngozi yake yalikuwa yamevunjika yakawa madoa madogo madogo. Wengi waliamini, na wako wanaoamini hadi leo, kwamba baadhi ya chui hao walikuwa wa kufugwa, mali ya wachawi, wakitumwa usiku kwenda kuwasumbua mahasidi. Imani hiyo iliwaponza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wachawi na chui walisakwa kwa pamoja, na mashamba nayo yalizidi kuumega msitu. Wataalamu wengi wanamhesabu chui wa Unguja kuwa ametoweka, ingawa habari za kuonekana kwake vijijini haziishi.

Wadogo walihimili. Sange, yule mnyama wa pua ndefu anayepekua wadudu chini ya majani makavu, yuko Unguja na yuko Mafia, na ndugu zake wako misitu ya pwani ya bara, lakini Pemba hayuko. Paa nunga ni mfano mzuri zaidi. Ni paa mdogo mwekundu mwenye mkanda mweupe makalioni na miguu yenye vidoa vyeupe, na huishi katika vichaka vizito vya maweni, ambako mawe ya matumbawe humchana mtu viatu. Mara nyingi husimama chini ya miti walimo kima, akiokota maua, majani na matunda yanayodondoshwa na wale walaji wasio na adabu huko juu. Nje ya Unguja, paa nunga anajulikana pwani ya Kenya tu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na kaskazini zaidi kwenye misitu ya Boni na Dodori. Mnyama huyu haogelei kutoka Malindi kwenda Unguja. Alikuwa ameenea katika ukanda mmoja mrefu wa misitu ya pwani, bahari ikaukata kwa upande mmoja na mashoka yakaukata kwa mwingine.

Kima punju naye ana hadithi ya namna hiyo, ila ya zamani zaidi. Ukoo wake, mbega wekundu, umesambaa vipande vipande: kando ya Mto Tana nchini Kenya, Unguja, Milima ya Udzungwa, kisha mbali magharibi huko Gombe na Mahale, na kuendelea katika misitu ya Kongo hadi Afrika Magharibi. Hawa ni viumbe wa mitini. Nyika ya kilomita mia mbili kwao ni kikwazo sawa na bahari. Ukiona makundi yao yamesimama mbali mbali hivyo, kila moja katika kipande chake cha msitu, ujue kulikuwa na zama za mvua nyingi ambapo misitu ilikuwa imekaribiana kutoka Kongo hadi Bahari ya Hindi, na zama za ukavu zilizofuata zikaikata. Kima wa Unguja amekatwa mara mbili, kwanza na nyika, halafu na maji.

Hata hivyo ameyazoea makazi yake vizuri. Karibu na msitu wa Jozani, kima wamejifunza kula mkaa. Hudokoa vipande kwenye matanuri ya wachoma mkaa na kwenye visiki vilivyoungua, kisha wanakaa tawini na kutafuna kwa utulivu, midomo myeusi. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa kima hawa ni zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Pemba, kwa upande wake, ni maskini wa wanyama na tajiri wa upekee. Kwa kuwa ilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, waliofika wamekuwa na muda wa kubadilika. Ndege wanne wa Pemba hawapatikani kwingine: bundi mdogo mwekundu-kahawia anayelia usiku katika mashamba ya mikarafuu, ninga wake, chozi wake, na ndege mdogo wa kijani-manjano mwenye duara jeupe machoni. Unguja, iliyo kubwa zaidi na yenye msitu maarufu zaidi, haina hata aina moja ya ndege iliyo yake peke yake. Miaka 10,000 inatosha kubadili rangi kidogo au kupunguza urefu wa bawa. Kumfanya ndege awe wa aina nyingine kabisa huhitaji subira kubwa kuliko hiyo.

*

Mtu aliyeufundisha ulimwengu kusoma kina cha bahari kwa namna hii hakuwahi kuiona Unguja. Alfred Russel Wallace, mzaliwa wa Wales mwaka 1823, hakuwa na mali wala shahada. Aliishi kwa kukusanya ndege na wadudu na kuwauza kwa makumbusho na matajiri wa Ulaya. Mkusanyo wake wa kwanza, wa miaka minne ya Amazon, uliteketea baharini mwaka 1852 meli iliposhika moto. Miaka miwili baadaye akaenda visiwa vya Malay, akakaa huko hadi 1862.

Juni 1856 alitaka kwenda Makassar, akakosa chombo kutoka Singapore, ikambidi azunguke kupitia Bali na Lombok. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba angepata meli ya moja kwa moja, labda asingefika visiwa hivyo kabisa. Bali alikaa siku mbili tu. Aliona zuwakulu, vigogota na ndege wengine wa Kiasia aliokuwa amezoea. Akavuka mlango wa bahari wa kilomita 35 hivi, na Lombok akakutana na watu wengine kabisa, kama ndege tunaweza kuwaita watu: kasuku weupe wenye shungi, ndege wanyonyaji wa asali walio jamaa wa Australia, na wale wa ajabu wasioatamia mayai bali huyafukia katika tuta kubwa la udongo na majani ili joto la uvundo liyaangue. Zuwakulu hakumwona tena.

Mwingereza mwingine, George Windsor Earl, alikuwa ameshaandika mwaka 1845 kwamba bahari inayozunguka Java, Sumatra na Borneo ni ya kina kidogo na imeviunganisha visiwa hivyo na Asia. Wallace aliichukua hoja hiyo akaipa viumbe. Kati ya Java na Bali maji ni haba. Bahari ikishuka, simbamarara wa Java hutembea hadi Bali, na kweli Bali ilikuwa na simbamarara wake hadi karne ya 20. Kati ya Bali na Lombok kina kinazidi mita 200, na hakuna enzi ya barafu iliyowahi kukikausha. Upana wa mlango ule unakaribia kulingana na wa Unguja na bara. Kilichotofautisha mambo ni kina.

Wallace alisaidiwa na kijana wa Sarawak aitwaye Ali, aliyeanza kama mpishi akaishia kuwa mwindaji na mchunaji hodari wa ndege, na sehemu kubwa ya ndege wa mkusanyo ule walipita mikononi mwake. Historia ya elimu hii huwakumbuka wenye madaftari kuliko wenye macho, na nadhani deni hilo bado halijalipwa.

Mwaka 1858 mtaalamu wa ndege Philip Lutley Sclater alikuwa ameigawa dunia katika kanda sita kwa kufuata ndege wake, Afrika ya kusini mwa Sahara ikiwa moja. Wallace aliupokea mgawanyo huo, akauthibitisha kwa wanyama wengine, na mwaka 1876 akachapisha juzuu mbili kubwa juu ya mtawanyiko wa wanyama duniani. Kanda hizo sita, zikiwa na marekebisho ya hapa na pale, bado zinatumika.

Aliyezileta fikra hizi nyumbani kwetu alikuwa mhasibu. Reginald Moreau, mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa akifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu Cairo, alihamia mwaka 1928 kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, kilichojengwa na Wajerumani. Kazi yake ilikuwa vitabu vya hesabu. Mapenzi yake yalikuwa ndege. Yeye na R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya Zanzibar, walikusanya yote yaliyojulikana kuhusu wanyama wa nchi kavu wa Pemba, Unguja na Mafia, na mwaka 1941 wakachapisha ulinganisho wa visiwa hivyo vitatu. Mengi niliyoyaeleza juu yanasimama kwenye msingi wao.

Lakini Moreau aliona pia kwamba kisiwa hakihitaji bahari. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru hadi Udzungwa, ina misitu ya ukungu juu na nyika kavu chini. Kiumbe wa msituni aliye juu ya Uluguru anaitazama Nguru ng'ambo na hana njia ya kufika. Mwaka 1931 ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, aliyepatikana Amani, alipewa jina la Moreau. Aliyemtangaza kwa wataalamu ni William Lutley Sclater, mtoto wa yule Sclater wa kanda sita. Kwa miaka kumi na kitu ndege huyo alidhaniwa kuwa wa Usambara tu. Kisha, mwaka 1945, mkusanyaji hodari Jali Makawa, aliyekuwa akifanya kazi na C. W. Benson, akampata katika uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, karibu kilomita 1,000 kusini. Katikati hapo hajulikani kuwepo. Mabawa anayo, lakini hayamsaidii, kwa sababu ndege aliyezoea kivuli na utando wa mitambaazi hapai juu ya nyika yenye jua kali. Bila shaka aliwahi kuwa na msitu wa kupitia.

Kuna safari ndefu kuliko hiyo. Mwaka 1991, katika kambi ya watafiti kwenye Milima ya Udzungwa, mtu aliona miguu ya ndege ndani ya sufuria, miguu isiyofanana na ya kwale yeyote aliyejulikana pale. Ndege aliyepatikana hatimaye alikuwa kwale mgeni kwa sayansi, na alipochunguzwa ikaonekana jamaa zake wa karibu si kwale wa Afrika bali wale wa misitu ya milimani ya Asia. Zamani sana, kabla Arabia haijakauka, misitu iliunganisha pande hizo mbili. Mababu wa kwale huyu walikuja kwa miguu, wakichakura majani. Wenyeji waliokuwa wakimla siku zote hawakuona ajabu yoyote.

*

Sasa niharibu kidogo utaratibu huu mzuri, maana viumbe hawajasoma vitabu vyetu. Wako wanaovuka pasipovukika.

Mafia ina viboko wachache katika mabwawa yake, na inaaminika walichukuliwa na maji ya mafuriko kutoka delta ya Rufiji, kiasi cha kilomita 20. Hilo si gumu kuliamini kwa mnyama wa majini. Gumu ni la Kimbiji. Desemba 2004, kwenye ufuo wa Kimbiji kusini mwa Dar es Salaam, kobe mkubwa alionekana akitoka baharini. Si kasa, ambaye kutoka baharini ndiyo desturi yake, bali kobe wa nchi kavu, wa aina ya Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kilicho kilomita 740 hivi kutoka hapo. Alikuwa jike, amekonda vibaya, na miguu yake na chini ya gamba vilikuwa vimeota vijikombe vya baharini, wale viumbe wagumu wanaojibandika kwenye mashua. Kwa kupima ukubwa wao, wataalamu walikadiria kwamba alikuwa majini kwa muda usiopungua wiki sita au saba. Kobe huelea, huinua shingo ili apumue, na huvumilia njaa na kiu kwa miezi. Mkondo wa bahari ulifanya mengine.

Kobe mmoja si ukoo. Lakini kobe jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu kabla ya kutaga, na bahari ina mamilioni ya miaka ya kurudia mchezo huo huo. Jambo linaloshindikana katika maisha ya mtu linaweza kutokea mara kumi katika maisha ya kisiwa. Madagaska ilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, wakati lemuri hawajakuwepo duniani. Lakini lemuri wako Madagaska. Babu zao hawakuwa na daraja. Inaelekea walisombwa na mafuriko ya mito ya Afrika wakiwa juu ya magogo na mitambaazi, na wachache wakafika hai. Wengine, bila hesabu, walizama.

Na yule popo je? Hapa kina hakitusaidii tena, maana kwa arukaye mita 50 na mita 800 ni mamoja. Mafia, ambayo iliunganishwa na bara juzi tu kwa saa ya miamba, ina popo wa ukoo huo huo, wa aina inayopatikana Komoro. Kwa hiyo hawa wamekuwa wakiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa wakitokea mashariki, na kinachowazuia bara si maji. Wapo wanaosema ni ushindani: bara lina popo wakubwa wake walao matunda, ambao huhama kwa makundi makubwa na kumaliza msimu kabla mgeni hajajipanga. Wengine wanawataja maadui, nyani na wanyama walao nyama ambao popo anayelala wazi mtini hana kinga nao. Mimi naelemea upande wa maelezo ya pili, kwa sababu popo hawa hulala mchana mahali penye mwanga na kelele, tabia inayomfaa mtu asiyemwogopa jirani. Lakini ubishi haujaisha.

Kwa bahati mbaya adui mwingine alifika Pemba kwenyewe. Misitu ilikatwa, bunduki zikaingia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa wamebaki wachache sana. Vijiji vilipoanza kulinda miti wanamolala, Kidike kikiwa kimojawapo, walirudi kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na miaka ishirini baadaye walikadiriwa kuwa karibu 20,000.

Misitu hiyo ilikatwa kupisha mti mwingine wa mashariki. Mkarafuu asili yake ni visiwa vichache vya Maluku: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwingineko duniani haukuwepo hadi watu walipouhamisha. Ni kutoka Ternate hiyo hiyo ndiko Wallace alikotuma, mwaka 1858, barua iliyomshtua Charles Darwin juu ya namna aina za viumbe zinavyobadilika. Mwaka 1770 Wafaransa walifaulu kuutorosha mkarafuu hadi Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu. Leo bundi wa Pemba, ambaye hayuko kwingine duniani, hulala katika mti uliotoka Maluku, na anaonekana kuridhika nao.

Jahazi na meli vimefanya kwa karne chache kazi ambayo magogo yangehitaji zama nzima. Ngawa mdogo wa Asia yuko visiwani kwetu, na inadhaniwa aliletwa kwa ajili ya zabadi, yale mafuta yake yaliyotiwa kwenye manukato. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 asaidie kusafisha takataka. Alisafisha, halafu akaendelea na mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka kwenda bara, na sasa Dar es Salaam na Mombasa zinamjua kuliko zinavyowajua ndege wao wa asili. Serikali zimetumia sumu na mitego kumpunguza, na hajaondoka.

Halafu kuna wale kima wachache. Katika miaka ya 1970, kwa hofu kwamba kima punju angetoweka Unguja, kundi dogo lilichukuliwa likapelekwa Ngezi, Pemba. Halikustawi sana, wala halikufa lote. Watafiti waliokwenda miaka ya 1990 walikuta baadhi bado wapo. Kwa mtu anayesoma historia ya visiwa kwa kutumia wanyama wake, hili ni tatizo. Mtafiti wa miaka elfu kumi ijayo akiokota mfupa wa kima punju katika udongo wa Ngezi, na akiwa hana karatasi za miaka ya 1970, atahitimisha kwa ujasiri kwamba Pemba na Unguja ziliwahi kuwa nchi moja. Moreau na Pakenham walikuwa tayari na mashaka ya aina hiyo mezani mwao, na waliowafuata wanaendelea nayo: tumbili wa Pemba na paa wake mdogo wa kijivu, je, walifika wenyewe, au walishushwa kwenye ufuo fulani wakiwa wamefungwa kamba, pamoja na mbuzi na magunia ya nazi?